Safari ya Baiskeli Baina ya Mizabibu na Mifereji

Msafiri akirudi kwao huulizwa mambo matatu: ameona nini, amekula nini, na amewaletea nini walio nyumbani. Sisi tumerudi kutoka Ufaransa, na hayo mawili ya kwanza tutayaeleza kama yalivyokuwa, bila ya kuongeza wala kupunguza. La tatu tutaliweka mwisho, kwa kuwa zawadi tuliyorudi nayo haikutiwa sandukuni.

Yafaa kwanza msomaji ajue kwamba sisi ni watu wa baiskeli. Makazi yetu yako nje kidogo ya mji wa Tanga, na kila aliyefika Tanga anajua jinsi baiskeli zilivyo nyingi huko. Kwa miaka zaidi ya ishirini tulikwenda chuoni kwa baiskeli, mfuko wa juzuu umetundikwa kwenye usukani na mtoto mmoja ameketi kwenye karia. Kisha siku moja, wakati wa Alasiri, mwanafunzi wetu wa miaka tisa, aliyekuwa akija chuoni kwa baiskeli ya kaka yake, aligongwa na lori katika barabara kuu, naye hakufika hospitali. Alikuwa ameanza kuhifadhi Suratul-Mulk. Dereva hakuwa mlevi wala hakuwa mtu mwovu. Barabara ni nyembamba, lori ni pana, na mtoto hakuwa na pa kupita. Tangu siku hiyo tuliitundika baiskeli yetu ukutani, na tukawakataza wanafunzi wote kuja chuoni kwa baiskeli. Hata mjukuu wetu mwenyewe, alipotimiza miaka tisa akaomba baiskeli, tulimwambia hapana, na sababu hatukumwambia.

Basi mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, anafanya kazi katika mji wa Lyon. Mwaka jana alitualika kwake, nasi tukafika mwishoni mwa mwezi wa Agosti. Tulipokwisha kupumzika uchovu wa ndege, alituuliza, “Mjomba, bado unaijua baiskeli?”

Tukamjibu kwamba kuijua tunaijua, ila tumeiacha. Naye sababu aliijua, kwa hiyo hakubisha. Alisema tu, “Basi, Mjomba, niruhusu nikupeleke mahali ambapo lori halifiki.”

Tulinyamaza kwa muda, kisha tukakubali, kwa sababu mtu hapendi kumvunja moyo kijana aliyemwita kutoka mbali.

Asubuhi ya siku ya pili tulipakia baiskeli mbili katika treni, kwani treni za mikoa za nchi ile hupokea baiskeli pamoja na wenyewe, tukaelekea kaskazini mpaka mji wa Beaune, katika nchi ya Bourgogne. Hapo ndipo vilima vya mizabibu vinapoanzia safari yetu.

Kabla ya kupanda baiskeli, mpwa wetu alitupeleka katikati ya mji kuona jengo moja lenye paa la vigae vya rangi nyingi, lililo mashuhuri katika nchi nzima. Hiyo ilikuwa hospitali ya maskini, iliyoasisiwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin, waziri wa mtawala wa Bourgogne, pamoja na mkewe Guigone de Salins, wakati ambapo vita na njaa vilikuwa vimewaacha watu wengi hawana kitu. Baada yao watu wengine waliiachia hospitali hiyo mashamba ya mizabibu katika wasia zao, na mazao yakawa yakiwatibu wagonjwa. Kazi za hospitali zilihamishwa mwaka 1971, na jengo la kale sasa ni la makumbusho; lakini mashamba yapatayo hekta 60 yangali mali ya hospitali, na kila Novemba, kwa desturi iliyoanza mwaka 1859, mazao yake huuzwa kwa mnada. Bidhaa inayouzwa ni mvinyo, nasi hatuwezi kuisifu. Lakini sura ya jambo lenyewe, kwamba asili hubaki na mazao yake huwatumikia wahitaji kizazi baada ya kizazi, kila Mwislamu anayejua wakfu ataitambua mara moja.

Kisha tukapanda. Mikono ilitutetemeka kidogo, wala hatuoni haya kulieleza hilo. Njia yenyewe huitwa Voie des Vignes, yaani Njia ya Mizabibu, na toka Beaune hata kijiji cha Santenay ni kiasi cha kilomita 22. Hupita katika vijiji vya Pommard, Volnay, Meursault, Puligny-Montrachet na Chassagne-Montrachet, na baina ya kijiji na kijiji hamna ila mizabibu, kulia na kushoto, imepandwa kwa mistari iliyonyooka kama safu za sala. Njia ni nyembamba, imetiwa lami au saruji kwa sehemu kubwa, na magari ya wapitaji hayaruhusiwi humo.

Hata hivyo katika kilomita za mwanzo hatukuona uzuri wowote. Macho yalikuwa mbele, lakini masikio yote yalikuwa nyuma, yakingoja ngurumo. Na ngurumo ikaja. Tulisikia mtambo mkubwa nyuma yetu, tukashuka mara moja, tukaivuta baiskeli mpaka kwenye ukuta wa mawe. Kumbe ni trekta la shambani, refu ajabu, lenye magurudumu yaliyotengana kama miguu, ili lipite juu ya mstari mzima wa mizabibu bila ya kuuvunja. Mwenye trekta alipotuona tumejibanza ukutani, alisimama. Akazima mtambo, akatuashiria kwa mkono tutangulie. Tukasita. Akaashiria tena, akicheka. Basi tukapanda tukapita mbele yake, yeye mwenye mtambo mkubwa akingoja, sisi wenye magurudumu mawili tukienda zetu.

Mpwa wetu akaeleza, “Wakulima wana haki ya kutumia njia hii, Mjomba, maana ni ya mashamba yao. Lakini hapa mkubwa humngoja mdogo. Ndiyo desturi.”

Maneno hayo tuliyatia moyoni. Baada ya hapo masikio yalianza kurudi mahali pake, na macho yakaanza kuona.

Vilima vile si virefu. Vinatazama mashariki, hivyo hupokea jua la asubuhi, na udongo wake ni wa chokaa. Juu kabisa ni mwamba na misitu, chini kabisa ni tambarare yenye udongo mzito unaoshika maji, na katikati ya mteremko ndipo zabibu inapostawi kuliko kote. Kwa karne nyingi watu wa huko wamevipima vilima hivyo hatua kwa hatua, wakavigawa katika vipande, kila kipande na jina lake, na baadhi yao vimezungushiwa kuta za mawe. Vipande hivyo vimehesabiwa 1,247, na mwaka 2015 shirika la UNESCO liliviandika katika urithi wa dunia. Jambo la kustaajabisha ni kwamba ukuta mmoja tu, au njia moja nyembamba kama ile tuliyopita, hutenga shamba la bei kubwa na shamba la bei ndogo, na mizabibu ya pande zote mbili ni ya jinsi moja.

Wala mtu asidhani kwamba mizabibu ile imesimama salama siku zote. Karibu na kijiji cha Meursault, mwaka 1878, alionekana kwa mara ya kwanza katika vilima vile mdudu mdogo aliyetoka Marekani, ambaye hula mizizi ya mzabibu. Mashamba yakafa moja baada ya moja. Dawa iliyofaa ilipatikana huko huko alikotoka mdudu: mizabibu ya Marekani ilikuwa imemzoea, basi wakulima wakapandikiza vikonyo vya mizabibu yao juu ya mizizi ya Kimarekani. Mpaka leo karibu kila mzabibu wa Bourgogne una shina la nchi moja na mzizi wa nchi nyingine.

Tulifika wakati wa mavuno. Watu walikuwa wameinama baina ya mistari wakikata vichala kwa makasi, maana wengi wa huko wangali wakichuma kwa mkono. Mzee mmoja alituona tumesimama tunatazama, akaja na kichala akatupa. Zabibu zile ni ndogo na mbegu zake ni nyingi, lakini utamu wake unashinda zile za sokoni. Tulizila kwa Bismillahi, tukamshukuru.

Msomaji atauliza: na zabibu zote hizo huenda wapi? Twasema wazi kwamba takriban zote huenda kwenye pipa. Kitabu chetu chenyewe kimetaja kwamba katika matunda ya mitende na mizabibu watu hupata kilevi na hupata pia riziki njema. Tunda ni moja, tofauti iko katika anachokifanya mwanadamu. Sisi tulikula riziki njema, na milango ya maghala tuliipita.

Huko Santenay mizabibu hukutana na maji. Chini ya kijiji upo mfereji uitwao Canal du Centre, na hapo tuliacha mashamba tukaifuata njia ya kando yake mpaka mji mdogo wa Chagny, tulikolala usiku ule.

Yafaa tueleze mfereji huu, kwa sababu kwetu mfereji ni wa kupeleka maji shambani, lakini huu ni barabara ya vyombo. Ulisanifiwa na mhandisi Émiland Gauthey. Kazi ilianza mwaka 1784, na kabla ya karne ile kwisha vyombo vilikuwa vikipita. Urefu wake ni kilomita 112, kutoka Chalon-sur-Saône hata Digoin. Unaunganisha mto Saône, ambao maji yake huishia bahari ya Mediterania, na mto Loire, unaomwaga katika bahari ya Atlantiki. Lakini baina ya mito hiyo pana mwinuko, na maji hayapandi kilima. Basi watu walijenga vyumba vya mawe vyenye milango mbele na nyuma. Chombo huingia chumbani, mlango wa nyuma hufungwa, maji ya upande wa juu huachiwa polepole, na chombo huinuka pamoja nayo mpaka yawe sawa na maji ya juu. Hapo mlango wa mbele hufunguliwa, nacho huendelea na safari. Vyumba vya namna hiyo mfereji mzima una 61. Tuliketi tukatazama chombo cha watu wa mapumziko kikipandishwa hivyo, bila ya nguvu wala kelele, tukaona ni kama mwalimu mwema anavyompandisha mtoto kutoka herufi hata sura: humfungia, humjazia kidogo kidogo, kisha humfungulia.

Zamani matishari ya mfereji ule yalibeba makaa ya mawe, udongo na vigae, na yalivutwa kwa kamba na farasi, na pengine na watu, waliopita ukingoni. Ndiyo maana pana njia kando ya maji. Kisha ikaja reli ikachukua mzigo. Kisha yakaja malori yakachukua mzigo wa reli. Farasi hawako tena, lakini njia yao haikuachwa ikamezwa na majani wala haikuuzwa. Imetengenezwa, na leo ni sehemu ya njia ndefu ya baiskeli inayotoka pwani ya Atlantiki hata Bahari Nyeusi, zaidi ya kilomita 3,600.

Siku ya pili tuliifuata njia hiyo kuelekea Chalon. Upande mmoja maji yametulia, upande mwingine miti, na mbele yetu ndege mrefu wa kijivu aliyekuwa akiruka kila tukimkaribia na kutua mbele kidogo, kana kwamba ndiye kiongozi wa msafara. Adhuhuri ilitukuta penye mlango mmoja wa maji. Tulitawadha, tukasali chini ya mti, na kwa kuwa tu wasafiri tulipunguza na kukusanya. Kwetu Tanga twaelekea kaskazini. Huko kibla ni kusini-mashariki. Watu watatu wa baiskeli walipita tukiwa katika sujudi, nao waliacha kupiga kengele mpaka walipotuvuka.

Katika mji wa Chalon alizaliwa mwaka 1765 mtu aitwaye Nicéphore Niépce, ambaye ulimwengu unamjua kwa kutangulia katika sanaa ya kupiga picha. Lakini wachache wanajua kwamba alikuwa pia mtu wa magurudumu mawili. Mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais alionyesha chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na pedeli, ambacho mtu alikiendesha kwa kusukuma ardhi kwa miguu. Mwaka uliofuata Niépce alijitengenezea chake, akakitia kiti kinachoweza kupandishwa na kushushwa. Kwa hiyo kila mzazi anayeshusha kiti cha baiskeli ili mwanawe afikishe miguu chini, afanya jambo alilolifikiri Niépce zaidi ya miaka mia mbili iliyopita.

Siku ya tatu ndiyo iliyokuwa kubwa kwetu. Kutoka kijiji cha Givry, jirani na Chalon, huanza njia ambayo zamani ilikuwa reli. Treni zilipokoma na vyuma vikang'olewa, tuta lilibaki limelala baina ya vilima. Wenyeji walilitia lami, na mwaka 1997 likafunguliwa kwa watu wa miguu na wa baiskeli, kilomita 44 mpaka mji wa Cluny. Wafaransa wanaihesabu kuwa ndiyo ya kwanza ya namna yake katika nchi yao, na wao huziita njia hizo “njia za kijani”.

Aliyepata kuendesha baiskeli atafahamu faida yake. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, hivyo waliojenga reli walikata vilima na kujaza mabonde. Leo mzee wa miaka hamsini na kitu, aliyeiacha baiskeli kwa miaka mingi, hupita katika nchi ya vilima bila ya kuhema. Vituo vya zamani vingali vimesimama, na tulipita Buxy, Saint-Gengoux-le-National na Cormatin, mizabibu kwanza, kisha malisho ya ng'ombe weupe. Njia ikikutana na barabara ya magari, pamewekwa nguzo za kuzuia gari lisiingie, na mwendesha baiskeli hulazimika kupunguza mwendo na kutazama.

Mahali pamoja kama hapo tulimwona msichana mdogo. Alikuwa peke yake juu ya baiskeli, mkoba wa shule mgongoni, na umri wake haukuzidi miaka tisa. Alifika penye nguzo, akasimama, akaweka mguu chini. Akatazama huku na huku. Gari lililokuwa likija lilisimama. Naye akavuka, akaingia tena katika njia ya kijani, akaendelea zake akiimba.

Sisi tulishuka, tukaketi kwenye nyasi. Mpwa wetu alidhani cheni imetoka, akarudi mbio. Hatukuweza kumjibu. Alipotutazama usoni alifahamu, naye akaketi kando yetu, tukakaa hivyo kwa muda, bila ya kusema neno.

Kwa miaka yote tulikuwa tukimlaumu nani? Wakati mwingine tulimlaumu dereva. Wakati mwingine tulimlaumu marehemu kwa kuwa mtoto, na Mungu atusamehe. Zaidi ya yote tuliilaumu baiskeli, ndiyo maana tukaitundika ukutani kama mwizi. Ajali imo katika kadari ya Mwenyezi Mungu, nasi hatuipingi. Lakini Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Sisi tulikuwa tumemwondoa mtoto njiani, tukauacha udhia mahali pake.

Jioni tuliingia Cluny. Kutoka mji huu alitoka Petro, mkuu wa watawa wa Kikristo, aliyekwenda Hispania mwaka 1142 akawaajiri wataalamu kuifasiri Kurani kwa Kilatini. Kazi ilikwisha mwaka 1143, na ndiyo tafsiri kamili ya kwanza ya lugha hiyo. Mfasiri alikuwa Mwingereza, Robert wa Ketton. Hatufichi kwamba nia ilikuwa ni kuipinga dini yetu. Hata hivyo Petro aliandika kwamba anatujia kwa maneno wala si kwa silaha, na zama zile zilikuwa zama za Vita vya Msalaba. Kanisa lao, lililoanzwa kujengwa mwaka 1088, lilikuwa na urefu wa mita 187, nalo lilikuwa kubwa kuliko makanisa yote ya Wakristo mpaka lilipojengwa upya lile la Mtakatifu Petro huko Roma. Baada ya mapinduzi ya Ufaransa liliuzwa, likabomolewa kwa ajili ya mawe yake, na leo imebaki sehemu ndogo tu. Tulisimama chini ya mnara uliosalia tukatafakari. Jengo lililohofiwa na wafalme liliuzwa jiwe kwa jiwe; tuta la treni, ambalo hakuna aliyeliheshimu, limetunzwa na watoto wanalipita.

Asubuhi yake tuliendelea kuelekea Mâcon ili turudi kwa treni. Njiani pana kilima, na reli ile ya zamani hupita ndani yake katika pango refu la mita 1,600 lililojengwa kwa mawe. Humo mna baridi na taa hafifu. Tuliingia, na ile hofu ya kwanza ikarudi, maana kila sauti ndani ya pango hukua. Lakini zilikuwa kengele tu za baiskeli na sauti za watu wakiamkiana. Mpwa wetu alitwambia kwamba wakati wa baridi pango hufungwa, kwa ajili ya popo wanaolala humo, wasisumbuliwe. Tukasema moyoni: ikiwa popo wana haki ya njia, mtoto wa chuoni je?

Sasa tufikie lile la tatu, yaani zawadi.

Nyuma ya chuo chetu lipo tuta la zamani. Msomaji wa Tanga atalijua mara moja: katika mashamba ya mkonge kulikuwa na reli ndogo za toroli za kubebea majani ya mkonge kuyapeleka kiwandani. Ya kwetu iling'olewa zamani, tuta likabaki, likafunikwa na vichaka. Linatoka kijijini hata nyuma ya chuo, kiasi cha kilomita mbili, nalo linaikata barabara kuu mahali pamoja tu. Tumeishi nalo miaka yote hiyo tukiliona kuwa ni makao ya nyoka.

Tuliporudi tuliwaita wazazi baada ya sala ya Ijumaa, tukawaeleza tuliyoyaona. Wengine walicheka, wakasema Mwalimu amelewa hewa ya Ulaya. Lakini mzee mmoja akasema, “Mwalimu, panga tunazo. Kinachozuia ni nini?” Tukaomba idhini kwa wenye shamba, tukaipata. Kwa Jumamosi nne tulifyeka na kusawazisha. Juu ya mtaro mmoja tumelaza magogo ya mnazi. Penye barabara kuu wazazi wawili husimama kwa zamu, saa ya kuja na saa ya kurudi. Kipande cha mita mia tatu bado hakijakamilika, kwa sababu jirani mmoja amepanda muhogo juu ya tuta. Hatukumng'olea, tunangoja avune, na yeye mwenyewe ameahidi kutopanda tena. Mpaka wakati huo watoto hushuka hapo wakazikokota baiskeli.

Jumamosi ya kwanza alikuja kijana mmoja na panga lake, hakuitwa na mtu. Ndiye kaka wa yule marehemu, mwenye baiskeli ile. Sasa ni mtu mzima, ana mke na mtoto. Alitoa salamu, akashika sehemu yake, akafyeka mpaka Magharibi, wala hakusema neno. Jumamosi ya pili alikuja tena, na ya tatu, na ya nne.

Baiskeli yetu tumeiteremsha ukutani. Tairi zilikuwa zimeoza, tukanunua mpya. Kiti tumekishusha mpaka chini kabisa, kwa sababu mwenye kuipanda sasa ni mjukuu wetu, nasi twamfuata nyuma kwa miguu juu ya tuta, tukimsikiliza akisoma Suratul-Mulk kwa sauti. Akifika penye barabara husimama, huweka mguu chini, hutazama huku na huku, kisha hutungoja.